Yusto Aliomba Kubaki

Ngamiani, Tanga
Jumapili, nimetoka kanisani

Dada yangu Skola,

Kabla hujasoma mstari unaofuata, funga mlango. Kama mama yuko sebuleni, mwambie ni barua ya mambo ya kazi, uingie nayo chumbani kwako. Najua nyumbani kwetu barua ni ya wote, na najua mama atataka usome kwa sauti kama ulivyokuwa ukimsomea za baba. Hii usimsomee. Usimwambie shemeji, na usimdokeze hata Sista aliyekuletea bahasha, maana anakuja likizo tu na hajui alichobeba. Nakuomba kila neno libaki kwako, kwa sababu siri iliyomo si yangu peke yangu. Ukimaliza ichome jikoni, halafu toka nje ukamwambie mama kwamba nawasalimu wote na kwamba nimenenepa.

Shikamoo, dada. Presha ya mama inaendeleaje? Dawa anameza zilivyoandikwa, au bado anajipunguzia akijisikia nafuu? Kikohozi cha kitinda mimba wako kimeisha? Na wewe mgongo? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala kidogo, na kila mtu akigonga mlango wa uani moyo unaruka, lakini siumwi.

Umenipigia wiki zote hizi hunipati. Simu yangu iko kwa watu wa upelelezi, waliichukua pamoja na simu za wengine pale shuleni, na sijui watairudisha lini. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu.

Nianze wapi? Nianze na wale watoto, maana ulikuwa ukipenda nikusimulie habari zao. Unakumbuka nilikwambia kidato cha tano na cha sita wa shule yetu, hapa nje kidogo ya Pongwe, ni mchanganyiko wa kila namna. Wako wa wafanyabiashara wa Horohoro wanaoletewa biskuti za ng'ambo ya mpaka, wako wa wenye maduka wa hapa Ngamiani, wako Wasambaa walioteremka na masweta yao mpaka wakaaibishwa na joto, na wako wa kambi za mkonge wanaokuja na begi moja. Sare yao moja na ugonjwa wao mmoja: kitu kikivuma mtandaoni leo, kesho utakikuta mstarini. Simu ni marufuku, lakini marufuku yenyewe ilikuwa ikiwafundisha tu mahali papya pa kuficha. Walicheza kila mchezo wa viuno uliotoka, walinyoa kila mtindo ulioletwa na wachezaji mpira, na wakati wa prepo walibishana habari za vita vya nchi za mbali kana kwamba wao ndio watakaoitwa kusuluhisha.

Nilikuwa nikiwapenda, dada. Dirisha la ofisi yangu lilikuwa kijiwe chao.

"Dada karani," aliniambia mmoja siku moja, "kazi yako hii mwakani inachukuliwa na mashine."

"Ikishachukua, itakuandikia ruhusa ya hospitali ukijifanya unaumwa tumbo siku ya jaribio la hesabu?"

"Itaniandikia bila kuniuliza tumbo la upande gani!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikamwandikia.

Muhula uliopita ukaja mchezo walioubatiza kusemesha. Unachukua sauti ya mtu, unaipa akili mnemba, unaandika maneno unayotaka, na yule mtu anayasema kwa sauti yake hasa, na pumzi zake. Walimsemesha mwalimu wa kemia akinadi mihogo ya kukaanga. Walimsemesha mlinzi wa geti akisoma taarifa ya habari. Hakuna aliyekasirika, kwa kweli walimu wengine walikuwa wakiomba wasemeshwe na wao.

Fundi wa mchezo huo alikuwa Yusto. Yusto Gwasa, kidato cha sita, wa masomo ya fizikia na hesabu. Huyu sikuwahi kukutajia vizuri. Alikuwa wa kwetu. Babu yake alitoka Kasulu akiwa kijana kuja kukata mkonge, baba yake akazaliwa kambini na yeye anakata mkonge mpaka leo, na mama yake alifariki Yusto akiwa hajaanza shule. Kijana mwenyewe hajawahi kuiona Kigoma, lakini Kiha alikisema, cha kizamani, kile cha bibi. Siku aliyosikia jina langu la ukoo ofisini alisimama mlangoni akaniambia, "Mwakeye, dada," nikasahau nilichokuwa nachapa. Tangu hapo kila asubuhi alipitia dirishani kunisalimia. Aliwahi kuniuliza kama ni kweli Kasulu kuna baridi au wazee wa kambini wanatia chumvi tu wapate kuvaa makoti.

Kwenye mahafali Yusto alimsemesha Mkuu wa shule akiimba taarabu. Aliitengeneza kwenye kompyuta ya shule, mwalimu wa kompyuta akiwa pembeni yake. Mkuu wetu ni mzee wa hapa Ngamiani, watu wote humwita Maalim, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Ukumbi mzima ulishika pumzi sauti ile ilipoanza. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa kicheko, akasema, "Kumbe nilipotea njia. Mngeniambia mapema ningekuwa na bendi yangu."

Sasa nikueleze kitu kimoja cha Maalim ili uelewe yaliyofuata. Maalim haandiki ujumbe kwenye simu. Macho yake hayataki. Kila agizo lake hulituma kwa sauti, na huanza vilevile siku zote: anasafisha koo, anasema Bismillahi, anawasalimu Waislamu kwa salamu yao na Wakristo kwa Tumsifu Yesu Kristo, ndipo anaagiza. Sisi tukisikia, tunatekeleza. Wiki zangu za mwanzo niliwahi kumpigia kuuliza kama nimeelewa sawasawa, naye akanijibu kwa upole tu, lakini walimu waliokuwa karibu walinivuta kando. Wakaniambia huku pwani mtu mzima akishasema, kumpigia umuulize tena ni kama kumwambia hujamwamini. Nikaona haya, sikurudia. Mimi ni mgeni, nikajifunza adabu yao vizuri kuliko wao wenyewe.

Siku ya tukio mvua ilikuwa imekesha. Maalim hakuwepo, kaka yake mkubwa alikuwa amefariki na mazishi yalikuwa asubuhi ile ile. Nilikuwa nachapa mtihani wa moko wa kidato cha sita geti lilipoanza kugongwa. Gari la kwanza lilitoka Horohoro. Baba mmoja akashuka, suruali ameikunja, akaniambia amekuja kuchukua binti yake kama Maalim alivyosema.

"Kasema lini, mzee?"

Akanionyesha simu. Sauti ilikuwa imesambaa kwenye kundi la wazazi. Nilisikia koo likisafishwa, nikasikia Bismillahi, nikasikia salamu mbili, kisha: "Wazazi, kwa ajili ya mvua hizi, watoto wa mabwenini waje wachukuliwe leo kabla ya Alasiri. Shule itafunguliwa mvua zikipungua. Ahsanteni, na msinipigie, niko msibani."

Aliyeituma kwenye kundi aliipata kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Mpaka leo haijulikani ilianzia wapi. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Wilaya ya jirani walikuwa wamefunga shule kwa mafuriko, kwa hiyo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Lakini mimi kitu kilinikwama, dada. Maalim alikuwa na kawaida ya kuniambia mimi kwanza kabla ya wazazi. Nikashika simu kumpigia.

Hapo ndipo aliponikuta Bi Salma. Bi Salma nimekutajia mara nyingi, ndiye matroni wa mabweni na ndiye msimamizi wa jiko, na ndiye aliyenipa chumba kwake nilipofika Tanga sijui hata soko lilipo. Nilipougua malaria alinilisha uji kwa kijiko. Mama anamjua kwa sauti, walikuwa wakisalimiana kwenye simu.

"Wampigia nani?" akaniuliza.

"Maalim. Nataka kuhakikisha tu."

"Weye mtoto una wazimu? Saa hizi wamtia ndugu yake kaburini. Umpigie umuulize kama kweli kasema alichokisema? Na sauti yake umeisikia kwa masikio yako?"

"Nimeisikia, Bi Salma."

"Basi tia simu mfukoni, uwaandikie watoto wa watu waende zao. Nnakwambia, utatuaibisha."

Nikaitia mfukoni. Nikaanza kuandika ruhusa.

Walikuja kwa magari, kwa pikipiki zilizofunikwa turubai, wengine kwa miguu na viatu mkononi. Wanafunzi walikuwa na furaha ya sikukuu. Wasichana wa kidato cha tano walirekodi mvua, walirekodi mabegi yao, walijirekodi wakipunga mkono kama wanaopanda ndege. Kufika adhuhuri mabweni yalikuwa tupu, amebaki Yusto peke yake. Alikuja dirishani hana begi.

"Dada, mimi niache nibaki."

Nikamuuliza kwa nini.

"Moko imefika na kule kambini umeme hakuna. Nikienda, vitabu vitakaa kirobani mpaka nirudi. Nitalala darasani. Chakula usijali, nitamega mkate wa mlinzi. Mwombe Bi Salma, wewe anakusikiliza."

Nilikwenda kumwomba. Nilikwenda kweli, dada, shahidi wangu ni Mungu. Nilimkuta Bi Salma jikoni anafunga stoo. Nikamwambia Yusto anaomba abaki asome.

"Abaki na nani?"

"Na mlinzi, na sisi tupo."

"Mie siwashi jiko kwa mtu mmoja. Na Maalim kasema wote. Akija kesho akamkuta mmoja, ataniuliza mie, hatakuuliza weye. Aende kwao, baba yake yupo."

"Mvua, Bi Salma..."

"Mvua imemnyeshea yeye tu? Mwambie aende."

Nikarudi kumwambia. Nilijua nikimwambia kwa Kiswahili atabisha, maana alikuwa hodari wa kubishana na angenishinda. Nikamwambia kwa Kiha, kama dada anavyomwambia mdogo wake, kwamba aende, imeshaamuliwa. Kisha akacheka.

"Basi. Maalim amenifukuza kwa sauti nzuri."

Alitia vitabu vyake kwenye kiroba cha mbolea akakifunga vizuri, vitabu visilowe. Yeye mwenyewe hakujifunika kitu. Nilimpa mwavuli wangu wa maua, akaukataa, akasema kambini watamcheka mpaka Krismasi. Nilimwona akipita geti, kiroba begani, akiruka madimbwi.

Nyuma ya shamba la mkonge kuna kijito. Kiangazi watu wanakivuka bila kuvua viatu. Siku ile kilikuwa kimejaa maji ya milimani. Kuna njia nyingine ya barabarani, ndefu, lakini watoto wote wa kambi hupita pale kijitoni tangu wakiwa shule ya msingi, na yeye alipita pale. Wakata mkonge ndio waliomkuta asubuhi, chini kabisa, amenasa kwenye mizizi. Kiroba walikikuta ng'ambo, juu ya jiwe. Inaonekana alikirusha kwanza.

Nimepumzika kidogo hapa, dada. Sasa naendelea.

Maalim alikuja kwenye mazishi kambini akitokea kwenye matanga ya ndugu yake, hajalala. Tulikuwa tumeshajua kwamba hakutuma ile sauti. Usiku ule ule wa mvua alipiga simu kuuliza habari za shule, mlinzi akamwambia imefungwa kwa agizo lake. Pale kambini, baada ya udongo kuwekwa, alituomba tumsikilizishe. Alisikiliza mara moja tu. Akasema, "Sauti ni yangu." Akanigeukia, akaniuliza bila hasira, "Mwanangu, mbona hukunipigia?" Bi Salma akanitangulia kujibu, akasema, "Ulikuwa makaburini, Maalim." Mzee yule akaangalia chini. Nadhani aliona kwamba ni adabu ile ile aliyotulea nayo.

Wanafunzi wenzake nao waliomboleza kwa namna yao. Walitengeneza video za picha zake, na mshumaa, na muziki wa huzuni, kila mmoja akijitahidi yake itazamwe zaidi. Nililia nilipoziona. Halafu mtu mmoja, sijui nani, akaandika chini ya mojawapo: si huyu ndiye alikuwa fundi wa kusemesha? Basi. Jua halijachwa, wale wale waliowasha mishumaa walikuwa wakimtukana. Kajichimbia mwenyewe. Kafunga shule akale likizo, likizo ikamla yeye. Niliyasoma yote kabla simu yangu haijachukuliwa. Yaliandikwa na watoto ambao nimewaandikia ruhusa kwa mkono wangu, nawajua kwa majina.

Na wakubwa nao wakalipenda neno hilo. Kompyuta ya shule ilifunguliwa, wakaikuta ile taarabu ya mahafali na vichekesho vingine vya Yusto. Sauti ya kufunga shule hawakuikuta, lakini walisema mwenye kuweza moja ataweza na nyingine. Ukweli ni kwamba kufika wakati ule kila mtoto wa shule ile aliyekuwa na simu mvunguni aliweza.

Mwenyekiti wa bodi aliniita kabla ya kikao cha uchunguzi. Ni mtu mwenye sauti ya upole, nilimwogopa kwa ajili ya upole ule.

"Binti, wewe ni msomi, una maisha mbele," akaniambia. "Kijana ametangulia. Hakuna neno litakalomuumiza tena. Lakini jambo hili lisipopata mwenyewe litawala walio hai. Litamla Maalim, litaila shule, litakula na wewe. Tunachotaka useme ni kwamba alikuwa na tabia hiyo na kwamba siku ile alionekana mwenye haraka ya kuondoka."

"Mzee, sikumwona na haraka."

"Basi useme hukumbuki."

Jioni nikamweleza Bi Salma, nikidhani atakasirika kama mimi. Alikuwa anapeta mchele. Aliendelea kupeta.

"Sema hukumbuki," akaniambia.

"Bi Salma, aliomba kubaki! Mtu aliyeifunga shule kwa uongo ataombaje kubaki shuleni?"

Akaweka ungo chini. Sijawahi kumwona vile, alikuwa mzee ghafla.

"Na ukisema aliomba kubaki, wataniuliza nani kamkatalia. Mie nastaafu karibuni, Jeni. Miaka yangu yote nimewalea watoto wa watu pale. Wanijue kwa hilo moja? Mie nilikuwa mama yako hapa Tanga. Sikukuzaa, lakini nilikuwa mama yako."

Ni kweli, alikuwa. Nililala na neno hilo.

Unaona nilivyobanwa, dada. Jambo pekee lililoweza kumsafisha Yusto ni kwamba aliomba abaki, na waliolijua walikuwa wawili tu, mimi na Bi Salma. Nikinyamaza, baba yake ataishi kambini pale akijulikana kuwa baba wa kijana aliyedanganya shule nzima akafa kwa uongo wake. Nikisema, namtosa mwanamke aliyenilisha kwa kijiko. Na mimi mwenyewe niliogopa. Sitakudanganya. Niliogopa kazi, niliogopa mahabusu, niliogopa mama atakavyolipokea.

Kikao kilikaa kwenye maktaba. Mzee Gwasa, baba yake Yusto, alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, amevaa koti ambalo si lake, mikono yake ya mkonge ameificha katikati ya magoti. Mwenyekiti alisoma maelezo yake, akafika pale kwenye marehemu alijulikana kwa tabia ya, na nikamwona mzee yule anaitikia kwa kichwa. Anaitikia, dada! Kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali asiyoyaelewa, anakubali tu kwa sababu wanaosoma ni wakubwa.

Nilisimama kabla sijaitwa. Nikashika meza.

"Yusto hakutaka kuondoka," nikasema. "Alikuja ofisini akaniomba abaki shuleni asome. Aliomba kulala darasani. Mtu aliyetengeneza sauti ile alitaka watu waende nyumbani. Yusto alitaka kubaki."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mbona jambo hili hukulisema mapema?"

"Niliogopa."

"Na alipoomba kubaki, nani alimkatalia?"

Bi Salma alikuwa amekaa mkabala na mimi. Alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilimpa nafasi, dada. Nilingoja kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuishusha, nikidhani pengine atasema. Maalim alikuwa anatuangalia, mmoja baada ya mwingine. Bi Salma hakuinua macho.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende," nikajibu.

Si uongo. Mimi ndiye niliyemwambia. Lakini wewe ndiye mtu wa pekee duniani niliyemweleza kwamba nilitumwa, na ndiyo sababu nimekuomba ufunge mlango. Usije ukanitetea kwa kulisema hili. Hata Bi Salma akimpigia mama simu kumsalimu, mwache amsalimu.

Waliandika kwamba aliyetengeneza sauti hajulikani na upelelezi unaendelea. Jina la Yusto wakaliondoa. Mimi nikasimamishwa kazi mpaka jambo litakapokwisha, na nikaambiwa nisitoke nje ya mkoa. Nilipofika nyumbani kwa Bi Salma nilikuta godoro langu limeviringishwa vizuri, nguo zangu zimefuliwa, zimepigwa pasi na kukunjwa. Yeye mwenyewe hakuwepo. Mpaka leo hatujaonana.

Sasa napanga chumba cha uani huku Ngamiani, na mchana nachapa kazi za watu kwenye duka moja la steshenari. Wanafunzi wa shule zote za mjini wanapita pale. Juzi nilisikia wawili wakizungumza, mmoja akasema kusemesha ni mambo ya kizamani, hakuna anayefanya tena. Wana mchezo mwingine sasa. Muhula aliofia Yusto haujaisha hata.

Nimalizie na la Mzee Gwasa, kwa sababu ndilo linalohusu namna ya kunipata. Baada ya kikao alinifuata nje, barazani. Nilidhani atanipiga, na ningekubali.

Akaniuliza, "Ulipomwambia aende, ulimwambia kwa lugha gani?"

Nikamwambia kwa Kiha.

Akasema, "Ndiyo maana alikuja bila kubisha." Kisha akasema hataki kuniona kambini kwake, si makaburini, si mlangoni pake. Nikasema nimesikia. Akageuka kuondoka, akarudi. "Lakini usikimbie. Nina mengine ya kukuuliza, sijajua bado ni yapi. Siku nikiyajua nikukute."

Kwa hiyo nimekaa, dada. Hata wakiniruhusu kutoka mkoani kesho, sitakuja kwanza.

Mpe mama salamu zangu, umwambie dua zake nazihitaji, usimwambie kwa nini. Msalimu shangazi Leokadia, umwambie migebuka huku haipo na samaki wa chumvi siwawezi. Msalimu baba mdogo Anton, katekista wetu, umwombe aweke nia ya misa kwa kijana anayeitwa Yusto, asiulize ni wa nani. Wabusu wanao wote, na kitinda mimba zaidi.

Ukitaka kunipata, usipige simu shuleni wala usitumie anwani ya shule. Usipitie kwa Bi Salma. Barua mpe Sista akirudi, naonana naye kila Jumapili. Likiwa jambo la haraka, la mama, Mungu apishe mbali, ukalazimika kuja mwenyewe, shukia Pongwe, uulize njia ya kambi ya mkonge, upite ile ya barabarani hata kama jua linawaka. Muulizie Mzee Gwasa, umsalimie kwa Kiha. Chumba hiki naweza kufukuzwa wakati wowote, lakini kila ninapohama namtumia neno na mama anayeuza maandazi pale njia panda, mahali nilipohamia na jina la mwenye nyumba. Hajawahi kujibu. Yule mama ananiambia kila mara mzee anasikiliza mpaka mwisho, halafu anamwomba arudie lile jina la mtaa.

Yeye atajua nilipo. Usimwambie kwamba wewe ni dada yangu mpaka akuulize. Akikuuliza, mwambie.

Mdogo wako,
Jenoveva